Pampu ya kukanyaga iliyogoma bondeni

Kiangazi kinakaribia na wengi mmeniuliza juu ya pampu ya kukanyaga kwa miguu, ya kumwagilia nyanya na kabichi. Kabla hatujaongea bei, niwaeleze kosa langu, maana lilikula fedha za watu.

Kikundi cha akina mama hapa Mabawe kilikopa kwenye kikoba chao ili kipate pampu. Wakanifuata: "Bwana shamba, tusaidie." Nilikuwa na mchoro wa pampu niliouhifadhi tangu nikisoma stashahada. Nikaupeleka kwa fundi wa kuchomelea, naye akaitengeneza vizuri, kipimo kwa kipimo. Mchoro ulisema pampu inavuta maji kutoka kina cha mita 7. Tulipima kwa kamba yenye jiwe kutoka kwenye kijito hadi ukingo wa shamba: mita 6 na nusu. Nikasema hapo hakuna shida.

Walikanyaga asubuhi nzima kwa zamu. Maji yalipanda kwenye mpira, tukayaona, yakasimama hapo hapo. Nikamlaumu fundi. Tukabadilisha washa za pistoni mara mbili, kwa fedha za kikundi, na bado. Ndipo mama mmoja mtu mzima akafuta jasho, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, huo mchoro ni wa wapi?"

Nilidhani ananitania. Usiku nikaanza kutafuta.

Pampu ya aina ile ilianzia Bangladesh miaka ya 1970 mwishoni, kwa kazi ya Gunnar Barnes, raia wa Norway. Kule ni tambarare, karibu na usawa wa bahari, na maji ya ardhini hayako mbali. Sisi Ngara tuko milimani, sehemu nyingi zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Tofauti hiyo ndiyo iliyotuangusha, kwa sababu pampu haivuti maji kama mtu anavyovuta kamba. Inaondoa hewa ndani ya mpira, halafu hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji kupanda. Pwani hewa ina uzito wa kusukuma maji karibu mita 10. Ukitoa yanayopotea kwenye valvu, washa na viungo vya mpira, fundi anaandika 7. Ukifika mita 1,500, zile 10 zinakuwa 8 na nusu hivi. Toa upotevu ule ule, unabaki na 5 na kidogo. Washa hata za dhahabu zisingetusaidia.

Kumbe wengine walishakutana na jambo la jirani na hili. Nchini Kenya, shirika la ApproTEC, lililoanzishwa mwaka 1991 na Nick Moon na Martin Fisher, lilikuta wakulima wengi wana mashamba kwenye miteremko. Hawakuitupa pampu ya Bangladesh wala hawakuinakili yote. Walibakiza kanyagio na silinda mbili, wakazifunga silinda ili maji yasukumwe kwenda juu baada ya kuvutwa. Mwaka 1998 wakatoa Super MoneyMaker. Kusukuma hakutegemei hewa, kunategemea miguu yako, kwa hiyo pampu inakaa chini karibu na maji na shamba linakaa juu.

Wajerumani Pahl na Beitz, kwenye kitabu chao cha usanifu wa mitambo cha mwaka 1977, wanatenganisha kubuni kitu kipya, kurekebisha cha zamani kwa kazi nyingine, na kubadili vipimo tu. Mimi nilidhani kazi yangu ni ya aina ya tatu. Ilikuwa ya pili. Mchoro ulinipa namba bila kunipa sababu yake, na mimi sikuuliza.

Pampu yetu ilikuwa ya wazi juu, haisukumi. Tulichimba sehemu tambarare katikati ya mteremko, mita 4 juu ya maji, tukatandika turubai kwenye shimo, maji yakamwagika humo. Matuta ya chini yalipata maji kwa mfereji. Ya juu akina mama walibeba kwa ndoo. Nusu ya nyanya ilikuwa imeshakauka. Mkopo ulilipwa kwa kuchelewa, na sikuwa na la kuwaambia.

Fundi nilimwomba radhi. Siku hizi nyuma ya kila mchoro anaandika kwa kalamu: pampu hii ilifungwa wapi, mwinuko gani, ilikataa nini. Ninyi mnaouza pampu gulioni, mwulizeni mteja maji yake yako chini kiasi gani, na mkumbuke kijito hushuka zaidi mwezi wa nane na wa tisa. Kwa huku kwetu mimi siruhusu kuvuta zaidi ya mita 5.

Kamba yenye jiwe ipo ofisini kwangu, nimeifunga mafundo kila mita moja. Njooni muiazime kabla hamjampa fundi fedha.