Alhambra: Ngome na Mfereji Wake

Kusini mwa Hispania, katika mji wa Granada, kuna kilima kiitwacho Sabika, na juu yake imesimama ngome yenye kuta za rangi ya udongo mwekundu. Waarabu waliiita al-Hamra, yaani nyekundu, na Wahispania wakalitamka jina hilo Alhambra hata leo. Nyuma yake huonekana milima ya Sierra Nevada, ambayo kilele chake kirefu, Mulhacén, hufikia mita 3,479. Upande mmoja, chini kabisa, mto Darro hupita katika bonde jembamba. Upande mwingine umelala uwanda mpana wa mashamba uitwao Vega. Kwa jicho la askari, mahali pa kujenga ngome pazuri kuliko hapo ni adimu. Kasoro ilikuwa moja tu, lakini kubwa: kilima kilikuwa kikavu.

Muhammad bin Yusuf, ajulikanaye zaidi kwa jina la Ibn al-Ahmar, mwasisi wa ufalme wa Banu Nasr, alianza ujenzi mwaka 1238. Pamoja na kuta na buruji, aliamuru uchimbwe mfereji. Maji ya Darro yalikingwa umbali wa kilomita 6 hivi juu ya mji, mahali ambapo mto ungali juu kuliko kilima, yakaongozwa ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo mno, hata yakafika Sabika. Hapakuwa na mashine ya kuyasukuma. Palikuwa na jicho la fundi, jembe, na ujuzi wa kupima mteremko. Kila kisifiwacho Alhambra leo, tangu chemchemi hadi waridi, kilitokana na kazi hiyo ya jembe.

Mgeni apandaye kwa miguu kutoka mjini hupita katika msitu mdogo wenye vivuli, huku maji yakiteremka kwa sauti kando ya njia. Punde hufika Lango la Haki, lililojengwa mwaka 1348 katika enzi ya Yusuf wa Kwanza. Juu ya tao la nje umechongwa mkono, na juu ya tao la ndani umechongwa ufunguo. Watu wametunga hadithi nyingi juu ya alama hizo mbili. Mwanajeshi atavutiwa zaidi na njia ya ndani, ambayo haiendi moja kwa moja. Hupinda, ikapinda tena, ili adui aliyevunja mlango asiweze kuingia kwa kasi, bali apunguze mwendo kila konani huku walinzi wakimngoja.

Wageni wengi hukimbilia majumba ya wafalme, wakaiacha sehemu iitwayo Alcazaba. Wanakosea. Alcazaba ndiyo kambi, nayo ni kongwe kuliko majumba yale. Ndani ya kuta zake yamebaki mabaki ya mtaa mzima wa walinzi waliokaa hapo na jamaa zao: misingi ya nyumba ndogo zilizobanana, vichochoro vya kupita mtu mmoja, birika la maji na hamamu ya wote. Ukitazama kutoka juu ya ukuta, vyumba huonekana kama ramani iliyochorwa ardhini. Hapo palipikwa, palifuliwa na palilelewa watoto, hatua chache tu kutoka kituo cha lindo. Karibu yake kuna shimo la chini ya ardhi, mdomo wake mwembamba na tumbo lake pana, ambamo wafungwa waliteremshwa kwa kamba.

Mwishoni mwa Alcazaba umesimama mnara wa lindo, Torre de la Vela, wenye urefu wa mita 27 hivi. Wahispania, walipoitwaa ngome, walitundika kengele juu yake. Kwa karne nyingi kengele hiyo ilikuwa na kazi isiyo ya vita: usiku iliwajulisha wakulima wa Vega zamu za kumwagilia, ili kila mmoja ajue saa ya kufungua mlango wa maji na saa ya kuufunga. Hivyo mnara wa walinzi ukawa saa ya mashamba. Na kila tarehe 2 Januari wanawake hupanga mstari kuipiga kengele hiyo, kwani huaminiwa kwamba msichana aipigaye siku ile ataolewa kabla ya mwaka kwisha.

Majumba ya wafalme yenyewe, kwa nje, ni kuta tupu. Uzuri umefichwa ndani. Katika Ua wa Mihadasi, ambayo ni vichaka vya majani ya kijani yenye harufu njema, kuna birika refu la mita 34 hivi. Maji yake hutulia hata Mnara wa Comares, wenye urefu wa mita 45, huonekana umesimama kichwa chini. Ndani ya mnara huo ndimo mfalme alimopokea wajumbe, chini ya dari iliyoungwa kwa vipande vya mbao zaidi ya 8,000 mfano wa nyota za mbingu. Kutani, tena na tena, yamechorwa maneno ya ukoo huo: hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Baadaye Muhammad wa Tano akajenga Ua wa Simba, wenye nguzo nyembamba za marumaru na simba 12 wabebao bakuli la chemchemi. Mifereji minne myembamba hukutana hapo, ikitoka katika kumbi za pande nne.

Msafiri Ibn Battuta alifika Granada karibu na mwaka 1350, katika enzi ya Yusuf wa Kwanza. Mfalme alikuwa mgonjwa, hawakuonana. Lakini mama yake mfalme alimpelekea mgeni dinari za dhahabu. Msafiri huyo ndiye yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Huko Kilwa, kwenye magofu ya Husuni Kubwa juu ya jabali la bahari, lingalipo birika la pembe nane la karne ile ile. Husuni ni neno la Kiarabu lenye maana ya ngome.

Granada haikuangushwa kwa kubomolewa kuta. Vita vilivyoanza mwaka 1482 vilimnyang'anya mfalme wake wa mwisho, Muhammad wa Kumi na Mbili, aitwaye Boabdil na Wahispania, bandari moja baada ya nyingine; Málaga ilitekwa mwaka 1487. Kisha majeshi ya Ferdinand na Isabella yakaigeukia Vega. Yalichoma mavuno, yakakata miti ya matunda, na mwaka 1491 yakajenga mji wa kambi, Santa Fe, katikati ya mashamba yale. Walinzi wa Alhambra waliweza kuyaona hayo yote kutoka juu ya minara yao. Maji walikuwa nayo. Chakula ndicho kilichokwisha. Mapatano yalitiwa sahihi Novemba 1491, na tarehe 2 Januari 1492 funguo zikakabidhiwa. Waislamu waliahidiwa dini yao na mali zao. Ahadi hiyo haikudumu hata miaka kumi.

Washindi hawakuibomoa ngome. Mjukuu wao, Charles wa Tano, alianza mwaka 1527 kujenga humo kasri lake la mraba lenye ua wa mviringo. Jengo zuri, ila limekaa kama mgeni aliyeketi kwenye kiti cha mwenye nyumba. Hatari kubwa ilikuja mwaka 1812, wakati majeshi ya Ufaransa yalipokuwa yakiondoka. Yalitega baruti na kuilipua minara kadhaa. Husimuliwa huko kwamba koplo mmoja Mhispania aliye kilema, José García, aliukata utambi na kuiokoa sehemu iliyobaki. Bamba la ukumbusho wake limewekwa ngomeni. Mwaka 1984 Alhambra iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na leo tikiti ya kuingia majumba ya wafalme huandikwa saa yake. Achelewaye huachwa nje.

Imebaki bustani ya Generalife, upande wa pili wa bonde dogo, juu kidogo kuliko ngome. Hapo wafalme walikwenda kupumzika. Mfereji hupita kwanza bustanini, katikati ya ua mrefu wenye maua pande mbili, ndipo huendelea ngomeni. Kwa hiyo bustani hii ya starehe ilishika pia koo la ngome. Moto wa mwaka 1958 uliunguza sehemu ya majengo, na wachimbaji wa mambo ya kale wakapata nafasi ya kufukua ua huo. Waligundua vitanda vya bustani vya kale chini kabisa ya udongo wa sasa, pamoja na matundu ya kumwagilia. Mirusho ya maji ipendwayo na wapiga picha iliongezwa karne nyingi baadaye.

Juu zaidi kuna ngazi ambayo vishikio vyake ni mifereji: mtu apandaye huweka kiganja ukutani, maji baridi yakampita vidoleni. Chini ya ua yapo makonde ya mboga na miti ya matunda, yaliyopangwa kwa matuta na kushikiliwa na kuta. Yamelimwa tangu zama za wafalme wale na yangali yanalimwa, kwa maji ya mfereji ule ule, huku wageni wakipita juu yake kuelekea langoni.