Baba Mdogo Hayumo Kwenye Orodha

Katika somo la menejimenti ya rasilimali watu, wanafunzi wangu hukutana mapema na Frederick Herzberg, msomi wa Kimarekani ambaye mwaka 1959, pamoja na wenzake, alichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Hoja yake ni kwamba yanayomuudhi mtu kazini si kinyume cha yanayomridhisha. Sera mbovu, usimamizi mbaya na ujira duni huzaa manung'uniko; lakini kuyaondoa hayo hakutoshi kumfanya mtu aipende kazi yake. Ridhaa, kwa maoni yake, hutokana na mafanikio, kutambuliwa na kukabidhiwa wajibu.

Naendelea kuifundisha hoja hiyo kwa sababu ina uzito. Hata hivyo, kila ninapoifikia huwauliza wanafunzi: anayetambuliwa ni nani? Wahandisi wa Pittsburgh waliulizwa kuhusu nafsi zao na kazi zao. Mtumishi wa kwetu huja kazini na ukoo wake, na ajira isiyouona ukoo huo bado haijamwona yeye.

Tuitazame sheria yetu wenyewe. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa mfanyakazi angalau siku nne za likizo yenye malipo, katika mzunguko wa likizo, anapouguliwa au kufiwa na mtoto wake, au anapofiwa na mwenzi wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Orodha hiyo ina huruma ndani yake. Tatizo ni kwamba inahesabu jamaa kwa namna ambayo sisi hatuhesabu. Kwetu, ndugu wa kiume wa baba ni baba, mkubwa au mdogo. Dada wa mama ni mama. Mtoto wa baba mkubwa ni ndugu yangu, na anayemtofautisha nami mbele za watu huonekana mchonganishi. Mkwe naye, ambaye msibani hadhi yake haina mjadala, hayumo kabisa.

Nilipofiwa na baba mdogo aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu, nilikuwa mwajiriwa katika taasisi ambayo sitaitaja. Kwenye fomu, palipoulizwa uhusiano, niliandika "baba mdogo". Afisa utumishi, mtu muungwana, aliisoma, akaweka kalamu juu ya neno "mdogo", akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, andika baba tu, mambo yaishe." Nikamjibu kwamba baba yangu mzazi yu hai, naye ndiye anayesimamia mazishi, siwezi kumzika kwa kalamu. Siku zile zikakatwa kwenye likizo yangu ya mwaka. Siku ya mazishi, afisa yule yule alifika kijijini na wenzetu sita, mkononi ana bahasha ya rambirambi iliyochangwa ofisini.

Ndivyo zilivyo ofisi zetu nyingi. Ofisi ya karatasi haimjui baba mdogo, ila ofisi ya watu inamjua, inamchangia na inamzika. Kinachowashikilia watumishi wengi kazini, hata mishahara inapochelewa na vyeo visipopanda, ni hii ofisi ya pili: mifuko ya kufa na kuzikana, ziara za hospitalini, michango ya harusi. Mwajiri hufaidika na utajiri huo bila kuulipia, na wakati mwingine huutoza faini.

Gharama nyingine ni kubwa zaidi. Wengi huufuata ushauri wa yule afisa, na ndiyo maana hatukosi utani kuhusu bwana fulani aliyekwisha kuzika baba watatu. Tunacheka, lakini tuufikirie. Kwa Kiswahili bwana huyo huenda amesema kweli tupu. Fomu ndiyo imeugeuza ukweli wake kuwa udanganyifu. Kanuni inayowazoesha watu waaminifu kudanganya katika jambo zito kama kifo isishangae uaminifu ukipungua katika masurufu na mahudhurio.

Wapo watakaouliza: ukifungua mlango huo, nani atabaki ofisini? Swali ni halali, kwani ukoo hauna mwisho. New Zealand, ambako mila za msiba za Wamaori zina nguvu, imelijibu kwa njia ya kufikirisha. Sheria yake ya likizo ya mwaka 2003 inatoa siku tatu kwa ndugu wa karibu waliotajwa, kisha siku moja kwa mtu mwingine yeyote, mwajiri akiridhika kwamba mfanyakazi amefiwa kweli. Katika kuamua, hutazamwa ukaribu wao, jukumu la mfanyakazi katika mazishi, na wajibu wake wa kimila. Mlango una kizingiti, na kizingiti hicho kimewekwa na watu waliokubali kuuliza.

Menejimenti endelevu ya rasilimali watu maana yake ni kutomtumia mtu kwa namna itakayomfanya kesho asiwe na cha kutoa. Haianzii kwenye semina za hotelini. Sheria yetu imesema "angalau". Haikumzuia mwajiri kutoa zaidi. Kwa hiyo viongozi wa vyama vya wafanyakazi wanaweza kulipeleka jambo hili mezani wanapojadili mikataba ya hali bora, na maafisa utumishi wanaweza kulipendekeza katika kanuni za taasisi zao. Kwa wanafunzi wangu, ombi ni dogo zaidi: mtakapokabidhiwa kazi ya kuandaa fomu, palipo na orodha ya jamaa acheni mstari mmoja mtupu, mfanyakazi ajaze mwenyewe huyo marehemu alikuwa nani kwake.