Ndege ya Iringa, basi la Nyololo

Simu iliita saa mbili usiku, mama akiwa jikoni kwake Nyololo. Alikuwa mwanawe wa Dar es Salaam. Mjomba amelazwa Mbeya, hali si nzuri, na anamuulizia dada yake.

"Mama, safari hii usipande basi," kijana alisema. "Nimeangalia kwenye simu. Kutoka uwanja wa Nduli, Iringa, mpaka Songwe, Mbeya, ni kama kilomita 300 za mstari ulionyooka. Ndege haimalizi saa nzima. Nakukatia tiketi."

Mama hakujibu mara moja. Hajawahi kupanda ndege, na tangu mwanawe apate kazi alikuwa akiingoja siku hiyo. Kisha akauliza, "Na kutoka hapa mpaka Nduli?"

Kijana akanyamaza. Nyololo iko kwenye barabara kuu iendayo Zambia, kati ya Mafinga na Makambako. Iringa iko nyuma, zaidi ya kilomita 100. Mbeya iko mbele, kama kilomita 200. Kuifuata ndege ni kuipa Mbeya mgongo. Nduli nayo iko nje ya mji, na abiria hutakiwa kufika mapema, akaguliwe, asubiri. Hata Songwe, uwanja ulioanza kutumika mwaka 2012, uko nje ya jiji, njia ya Tunduma. Akitua huko lazima apande gari tena kurudi mjini.

Kijana alipoitazama ile tiketi vizuri, aliona ilipitia Dar es Salaam. Mama angeshushwa mpaka pwani, kisha apandishwe tena milimani.

"Basi ndege panda wewe," mama alisema. "Wewe ndiye uliye mbali."

Hapo ndipo maneno yalipomchoma. Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, siku nzima ndani ya basi. Kwa ndege ni saa moja na ushee. Alikuwa amepiga hesabu ya safari ya mama, ya kwake hakuipiga. Tiketi ile ingesafiri badala yake.

Asubuhi mama alisimama kando ya lami na kikapu chake. Basi likapita Makambako, Igawa, Chimala na Uyole, mara nyingi nyuma ya malori mazito. Mchana alikuwa pembeni ya kitanda.

"Kamwene," alimsalimu kaka yake. Mgonjwa akafumbua macho, akaitikia.

Jioni kijana akaingia na begi la mgongoni. Mjomba aliwatazama wote wawili, akauliza nani kati yao amekuja na ndege. Alipoambiwa, alicheka kidogo, kicheko chake cha zamani.

Wiki iliyofuata walimzika.

Wapo watoto wengi walio mbali wenye moyo kama wa kijana huyu. Kabla ya kumkatia mzazi tiketi, muulize kwanza atatoka mlangoni saa ngapi, atabadili magari mangapi, na nani atampokea. Halafu jiulize wewe mwenyewe utafika lini.

Mama bado hajapanda ndege. Kijana anasema hilo ni deni, na safari hiyo wataipanda pamoja.