Moscow, ambako neno "mama" hubadilika mkia

Treni ya chini ya ardhi inayotoka katikati ya Moscow kwenda pembezoni hutangaza vituo kwa sauti ya mwanamke. Inayoelekea katikati ya jiji hutangaza kwa sauti ya mwanamume. Wenyeji hutania kwamba mwanamume ni bosi anayekuita kazini, na mwanamke ni mke anayekuita nyumbani. Kwa kijana aliyewasili juzi kutoka Dar es Salaam au Nairobi, sauti hizo ndizo walimu wake wa kwanza. "Ostorozhno, dveri zakryvayutsya": tahadhari, milango inafungwa. Ataisikia kila kituo mpaka aiote usiku.

Safari yake inaishia kituo cha Belyaevo, kusini-magharibi mwa jiji. Hapo juu unapita Mtaa wa Miklukho-Maklaya, na ukipanda basi unafika Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa. Kilianzishwa 1960, na 1961 kikapewa jina la Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo. Jina hilo liliondolewa 1992, likarudishwa 2023. Wageni wengi wanaokuja Urusi kusomea udaktari au uhandisi kwa Kirusi hawaanzi na fani zao. Wanaanza na karibu mwaka mzima wa lugha.

Hapo ndipo mtu mzima anaporudi utotoni. Kijana aliyefaulu vizuri sayansi sekondari anakaa tena dawatini kujifunza herufi 33. Inayofanana na P husomwa R, H husomwa N, C husomwa S. Kibao cha mgahawa kimeandikwa PECTOPAH, kumbe husomwa "restoran". Darasani kuna Mchina, Mwarabu, Mvietinamu na Mwafrika wasio na lugha moja, kwa hiyo mwalimu huzungumza Kirusi tangu siku ya kwanza, akisaidiwa na picha na ishara za mikono. Huitwa kwa jina lake likifuatwa na la baba yake, kama Tolstoy alivyoitwa Lev Nikolayevich, yaani Lev mwana wa Nikolai. Aliyekulia pwani, aliyezoea "bin" na "binti", hashangai.

Mswahili ana akiba nyingine. Anajua kwamba maneno hufuatana: mtoto mzuri, kitabu kizuri. Kirusi nacho husema "novaya kniga", kitabu kipya, lakini "novoye okno", dirisha jipya. Tofauti ni kwamba Kiswahili hubadilisha kichwa cha neno, Kirusi hubadilisha mkia.

Mitego ipo pia. Chai ni chai, na mama ni mama. Lakini "magazin" ni duka, na "baba" ni mwanamke, tena kwa lugha isiyo ya heshima. Anayesimama darasani kumsifu baba yake kwa neno la nyumbani atasikia vicheko.

Hata "mama" hatulii. Ni "mama" akiwa mtendaji, "mamy" kitu kikiwa chake, "mamu" ukimpenda, "mame" ukimpa kitu, "mamoy" ukiwa pamoja naye. Ni neno moja, na kila mkia una kazi yake.

Baada ya miezi michache huongezwa biolojia, kemia au hisabati, zote kwa Kirusi. Mwisho wa mwaka kuna mtihani, na asiyefaulu hukosa njia ya kuingia mwaka wa kwanza wa fani yake. Katikati ya yote huja Desemba, jua likichomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama saa kumi jioni.

Ni wakati huohuo ambapo simu hutoka nyumbani: "Udaktari umefika wapi?" Swali hilo humuumiza kijana ambaye bado anapambana na kununua mkate. Mzazi akiuliza, "Leo umejifunza neno gani?", humpa nafasi ya kuwa mwalimu kwa dakika tano, na anayefundisha husahau kwa shida.

Huenda akajibu kwa sentensi fupi: "Zvonyu mame". Maana yake, nampigia mama simu. Akiitamka kwa mkia sahihi, mzazi ajue masomo yanakwenda.