Biskuti Yenye Kikaratasi Tumboni

Mwanafunzi wetu mmoja alikuja chuoni na biskuti mbili alizoletewa na mjomba wake kutoka Marekani. Zilikuwa za rangi ya dhahabu, zimekunjwa mfano wa sikio, na ndani ya kila moja mna kikaratasi cha kumtajia mlaji bahati yake. Sisi tuliposikia neno bahati hatukuuliza zaidi. Tulimwambia kuwa hiyo ni ramli ya Kichina, tukamnyang'anya mbele ya wenziwe.

Usiku ule tuliona haya kwa kuhukumu jambo tusilolijua, tukaanza kulitafuta. Kumbe si ya Wachina! Asili yake ni Japani. Mjini Kyoto, jirani na hekalu la Fushimi Inari, waokaji wachache wangali wakiitengeneza: kubwa zaidi, yenye ufuta, na kikaratasi hubanwa nje katika mkunjo. Kitabu cha Kijapani cha mwaka 1878 kina picha ya mwokaji akiioka katika vyuma juu ya moto. Jina lake, tsujiura senbei, lina maana ya biskuti ya ubashiri wa njia panda. Basi katika ramli hatukukosea sana. Tulikosea katika kabila.

Wahamiaji wa Kijapani waliipeleka California. Rojo la unga, sukari na yai humiminwa juu ya bamba la moto. Ikiiva hutwaliwa ingali laini, kikaratasi huwekwa, nayo hukunjwa upesi, kwani ikipoa hukakamaa.

Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwatoa majumbani mwao watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia wake, ikawatia makambini. Maduka yao yakafungwa. Wachina wakaishika kazi ile, na wenyewe waliporudi, biskuti ilikwisha kuwa ya Kichina katika vinywa vya watu, ingawa huko China si desturi.

Hapo ndipo tulipochomwa: mtu kutolewa nyumbani kwake, kisha na jina la mkate wake likapotea. Nasi tulikuwa na biskuti za mtoto kabatini.

Tukamwita, tukamtaka radhi mbele ya wale wale. Akazipokea, akauliza, "Maalim, na vikaratasi?" Tukamwambia avitupe. Biskuti zilikwisha kulainika. Akazigawa vipande vipande, na kimoja akatuletea sisi.