Mbwa wa kazini ni wa nani? Safari kutoka Iringo hadi Bunda

MUSOMA. Karakana ya useremala iliyo jirani na nyumbani kwa dada yangu, Kata ya Iringo, Manispaa ya Musoma, hufunguliwa saa moja asubuhi. Mlinzi wa usiku anakabidhi funguo, mafundi wanatoa meza ya randa nje, kisha mbwa anatafuta kona yenye maranda mengi na kujilaza. Naye ameingia kazini.

Mwaka jana mbwa huyo aliitwa Popi. Alikuja na mlinzi, akazoeana na mafundi, na watoto waliotoka shule walimpitia na vipande vya chapati. Kila mtu alimwita "mbwa wetu". Siku alipomng'ata mkono mtoto wa dada yangu, wa darasa la pili, aliyekuwa akimnyang'anya mfupa, ndipo tulipouliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: amechanjwa?

Mlinzi alidhani mafundi walimpeleka. Mafundi walidhani mlinzi alimpeleka. Kadi haikuwapo.

Kabla jua halijazama, vijana wa mtaa walikuwa wamempiga Popi kwa mawe hadi akafa, wakamtupa. Waliamini wanatusaidia. Kumbe walikuwa wamelifuta jibu. Mbwa aliyeng'ata mtu, ikiwezekana kumfunga salama, huangaliwa kwa siku 10. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, ina maana hakuwa na virusi vya kichaa cha mbwa kwenye mate yake siku aliyong'ata. Matibabu ya mtoto hayasubiri siku hizo, lakini mbwa akibaki mzima, daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Sisi hatukuwa na mbwa wa kumwangalia, hivyo mtoto alichomwa zote.

Mkono ulipona. Swali halikupona. "Mama mdogo, Popi aliuawa kwa sababu yangu?"

Likizo hii nilimchukua tukazunguke naye Mara, tuone mbwa wanaokwenda kazini na watu wao, na jinsi watu hao wanavyoishi nao.

Mwigobero: kila mbwa na mahali pake

Tulianzia karibu, mwalo wa Mwigobero. Asubuhi hapa ni kelele za mitumbwi, ndoo za samaki na wanaosubiri kivuko cha kwenda Kinesi. Mbwa ni wengi, na wengi wao hawana mtu wa kuwaita kwa jina. Wanaishi kwa utumbo wa samaki na hufukuzwa kwa teke.

Mama mmoja anayeanika dagaa alikuwa na wa kwake. Alimfunga kwa kamba ndefu chini ya mti, hatua kadhaa kutoka kwenye nyavu za kuanikia, na kando yake aliweka sufuria kuukuu ya maji. Kunguru wakitua, mbwa anabweka, nao wanaruka.

"Shikamoo mama. Mbona umemfunga mbali?" mtoto aliuliza.

"Marahaba baba. Akikanyaga dagaa, nani atanunua? Yeye kazi yake ni mdomo, si miguu."

Tulicheka, lakini mama yule alikuwa ametupa kanuni ambayo ofisi nyingi zingeihitaji. Panapoandaliwa chakula, mbwa haingii. Kinyesi chake kinaweza kubeba mayai ya minyoo inayoambukiza watu, hasa watoto wanaocheza chini na kutia vidole mdomoni. Pia usimpe utumbo au maini mabichi kutoka machinjioni, kwa maana humo hupata tegu ambao mayai yao humrudia binadamu.

Butiama: mshahara wa mbwa wa mchungaji

Tulipanda gari dogo la abiria kufuata barabara ya Mwanza, tukashuka Makutano na kuchukua bodaboda hadi Butiama. Wageni wengi huja hapa kwa ajili ya Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa mwaka 1922 na kuzikwa hapa mwaka 1999. Nasi tulipita Mwitongo, tukaona kaburi na makumbusho. Baada ya hapo mtoto aliona ng'ombe, na nyuma ya ng'ombe mbwa wawili.

Mchungaji alikuwa kijana wa makamo, fimbo begani. Alitueleza kwamba mmoja hutembea mbele na mwingine hufunga msafara. Usiku wote wawili hulala langoni mwa zizi, kwa sababu fisi wakinusa ndama hawabishi hodi.

"Wanalipwa nini?" mtoto aliuliza.

"Mura, hilo ni swali zuri," alijibu. "Ugali, maziwa yakibaki, na mimi sipigi mbwa wangu. Mbwa unayempiga, siku moja atakosea mtu wa kung'ata."

Alikuwa na kadi mbili za chanjo, amezifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho chake cha taifa.

Kadi hizo zina historia katika mkoa huu. Mara ni miongoni mwa maeneo ya Afrika ambako kichaa cha mbwa kimefanyiwa utafiti kwa miaka mingi. Watafiti walibaini kwamba gari la chanjo likija kijijini mara moja kwa mwaka, watoto wa mbwa wanaozaliwa baadaye hubaki bila kinga, na wale ambao wenyewe walikuwa malishoni siku hiyo hukosa pia. Wakajaribu njia nyingine: chanjo ikae kijijini, mwaka mzima.

Lakini kijiji kisicho na umeme kitaihifadhi vipi? Maabara ilionyesha kwamba aina moja ya chanjo ya mbwa hubaki na nguvu hata ikikaa miezi 6 katika nyuzi joto 25, au miezi 3 katika nyuzi 30. Kikatengenezwa chombo cha udongo kinachopoa kwa maji yanayokauka taratibu, kama mtungi wa bibi unavyopoza maji ya kunywa. Chombo hicho kikajaribiwa vijijini humu humu Mara, kikiwa na chanjo ndani. Mzazi asije akafikiri dawa za binadamu nazo zinavumilia hivyo. Hilo ni la chanjo hiyo peke yake.

Jambo moja nililigundua nikimsikiliza mchungaji. Alisema siku ya chanjo wanaopeleka mbwa mara nyingi ni watoto, kwa sababu ndio wanaowajua kwa majina. Ni vizuri, ila kamba ishikwe na mtu mzima. Mbwa aliyebanwa katikati ya mbwa wengine huogopa, na mbwa mwenye hofu hung'ata hata mkono anaoupenda.

Bunda: mbwa wanaolipwa kwa mpira

Kesho yake tulirudi Makutano na kushika njia ya Bunda. Ukiupita mji, barabara kuu inaelekea lango la Ndabaka, mojawapo ya milango ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Hapo nilimsimulia mtoto yaliyotokea mwaka 1994, kabla sijaanza shule.

Mwaka huo simba wa Serengeti walianza kutetemeka, kuanguka na kufa. Takribani theluthi moja ya simba wote wa hifadhi walikufa. Ugonjwa ulikuwa distempa, maradhi ya virusi ya mbwa, na wataalamu waliamini kuwa ulitoka kwa mbwa wa vijijini waliokuwa hawajachanjwa. Mbwa aliyemfuata bwana wake kazini malishoni, akila mzoga na kulala popote, alikuwa amebeba kitu ambacho hakuna aliyekiona.

"Kwa hiyo simba walikufa kwa sababu ya mbwa?" aliuliza.

"Walikufa kwa sababu mbwa hakuchanjwa," nilimjibu. Alikaa kimya, akitazama nje ya dirisha.

Upande huu huu wa magharibi wa Serengeti kuna mbwa wenye kazi rasmi kabisa. Mfuko wa Grumeti una kitengo cha mbwa wa kunusa wanaosaidia askari wa wanyamapori kutafuta meno ya tembo na nyamapori. Hatukuwaona. Ila nilimweleza mtoto jinsi mbwa wa aina hiyo wanavyofundishwa: mbwa akipata harufu aliyoelekezwa, anatupiwa mpira wake na kucheza na mwalimu wake. Kwake yeye kazi yote ni mchezo wa kutafuta mpira.

Mbwa huyo ana mwalimu, ana daktari, ana ratiba ya kula na kupumzika. Kila mtu anajua ni wa nani.

Ofisini inawezekana?

Marekani huadhimisha siku ya kwenda na mbwa kazini tangu 1999, Ijumaa moja ya mwezi Juni. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth walichapisha matokeo kutoka kampuni moja ya North Carolina ambayo wafanyakazi wake waliruhusiwa kuja na mbwa. Waliokuja na mbwa walisema msongo wao ulipungua kadiri siku ilivyoendelea. Wasiokuwa nao, msongo uliongezeka. Lakini kampuni hiyo ilikuwa na utaratibu, na mbwa walikuwa na wenyewe.

Huku kwetu mbwa tayari wako kazini: karakana, gereji, godauni, shamba, mwalo. Tunachokosa ni utaratibu, na utaratibu wenyewe unaweza kuwa furaha. Haya ndiyo tuliyoyakusanya njiani, mimi na mtoto:

Mpe jina na mwenyewe. Andikeni kwenye kibao: jina la mbwa, jina la anayewajibika, tarehe ya chanjo. Watoto wa wafanyakazi wachore picha yake.

Mchezo wa makopo. Chukueni makopo matatu matupu yaliyooshwa, fichani dagaa mkavu chini ya moja, mbwa anuse na kuchagua. Mtoto anapanga makopo, mtu mzima anashika mbwa. Akipatia, anapewa. Mbwa aliyetumia pua yake dakika kumi hulala kwa utulivu kuliko aliyefungwa tangu asubuhi.

Kuoga Jumamosi. Kazi ikiisha mapema, ndoo ya maji, sabuni, na kukagua kupe na viroboto.

Sikukuu ya chanjo. Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Waajiri wa mtaa mmoja wanaweza kumwalika ofisa mifugo wa kata, kila mfanyakazi akaja na mbwa wake kwa kamba, soda zikanywewa. Wataalamu hulenga kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo ili ugonjwa ukose njia.

Kona ya mapumziko. Kivuli, maji, na sheria moja: akiwa pale, akila au akilala, haguswi.

Na mbwa asilazimishwe kwa mtu. Wapo wanaoogopa tangu utotoni. Wapo wenzetu Waislamu ambao wakipatwa na mate ya mbwa huosha mara saba, mojawapo kwa udongo, ndipo waswali. Mwenzako kukwambia "mweke mbali" si chuki. Waulizeni wote kabla mbwa hajaja, na mmoja akikataa, mbwa abaki nje ya chumba chake.

Mtoto aking'atwa

Shirika la Afya Duniani linasema kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Asia na Afrika, na kati ya kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikianza, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, kuna muda wa kuokoa maisha.

Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, hata kama ni mchubuko mdogo au mbwa amelamba kidonda. Usipake pilipili, majivu wala mafuta. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na mtoto amalize sindano kwa tarehe alizopangiwa. Toa taarifa kwa ofisa mifugo. Mbwa asiuawe kwa hasira. Na mwambie mtoto mapema kwamba hatachapwa akisema ameng'atwa, maana wengi hukaa kimya kwa kuogopa fimbo.

Tulirudi Iringo jioni. Karakana ilikuwa inafungwa. Mlinzi alikuwa amewahi, na kando yake alikuwa mbwa mpya, mdogo, masikio yamelala. Ukutani, chini ya bei za vitanda na makabati, palipigiliwa kadi ya chanjo ndani ya nailoni. Jina la mwenyewe: mlinzi. Jina la mbwa: pameachwa wazi.

"Tulikuwa tunakusubiri wewe, mura," mzee alisema.

Mtoto alisimama mbali kidogo, mkono wenye kovu mfukoni. Hakukimbilia kumshika. Alisubiri mbwa aje mwenyewe, kama alivyofundishwa njiani, akamwacha anuse ngumi yake. Kisha akageuka kuniangalia.

"Mama mdogo, aitwe Kadi."

Mafundi walicheka hadi wakashika meza. Mlinzi alitoa penseli ya useremala iliyokuwa sikioni mwa fundi mmoja, akaandika.