Mke Kutoka Ng'ambo ya Songwe

Ukipanda Makandana asubuhi, hapa mjini Tukuyu, unakutana kwanza na ukungu, kisha migomba, kisha akina mama wakiwa na watoto mgongoni wakielekea kliniki. Sisi wauguzi tunaowapokea tunasikia Kinyakyusa kila upande. Lakini mara nyingine mama mmoja hutamka maneno kwa lafudhi tofauti kidogo. Huyo ni Mngonde wa Karonga, Malawi, aliyeolewa huku.

Lugha hizi mbili zinasikilizana, na majina ya ukoo yanayoanza na "Mwa" yako pande zote mbili. Mpaka uliwakuta watu wakiwa ndugu tayari. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana kwamba mto Songwe utenganishe nchi walizojitwalia. Watu wakaendelea kuvuka na kuoana.

Siku moja tulimsindikiza mama wa namna hiyo, mwenzetu kanisani, hadi mpakani Kasumulu. Mama yake mzazi alikuwa mgonjwa sana ng'ambo. Gari lilishuka kutoka baridi ya Tukuyu, mashamba ya chai yakabaki nyuma, joto la Kyela likatupokea. Njia nzima hakusema neno.

Alikuwa ameolewa miaka kumi na mmoja, ana watoto watatu, lakini hakuwa na paspoti wala kibali cha kuishi nchini. Laini yake ya simu ilikuwa kwa jina la mumewe, maana hana namba ya NIDA. Kikundi cha mikopo kilipodai kitambulisho, alinyamaza. Tulipofika mpakani alitazama ng'ambo, akasema, "Nikivuka, nani atanirudisha kwa watoto?" Tukarudi naye. Mama yake alizikwa bila yeye.

Tuliona aibu. Tulimlea mimba tatu, tukaimba naye kwaya, wala hatukumwuliza habari ya karatasi. Tulidhani cheti cha ndoa kinatosha.

Akina mama wenzetu, hakitoshi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia wakati mumewe yu hai. Lakini ni lazima aombe, na akiupata anaacha uraia wa kwanza. Mpaka hapo anahitaji kibali. Watoto waliozaliwa hapa na baba Mtanzania ni raia tangu kuzaliwa. Mwanamume mgeni aliyeoa binti yetu hana njia hiyo ya mkato. Huomba kama wageni wengine.

Basi, wewe mwenye mkwe kutoka ng'ambo, usingoje msiba. Mwambie mwanao ampeleke mkewe ofisi ya Uhamiaji mapema, na cheti cha ndoa mkononi. Ruthu alikuwa Mmoabu, na Naomi mkwewe hakumwacha ahangaike peke yake. Alimwonyesha njia ya kufuata. Mwenzetu sasa amekwisha kupeleka maombi yake. Safari hii tulikwenda naye hadi mlangoni, na mama mkwe wake alitangulia mbele.